Little Bay, Anguilla: jinsi ya kufika kwa boti, kushuka salama na kurudi simu ikiwa nzima

Watu wanatoka Toronto, Houston, London, hata Muscat. Wanafika Anguilla, kisiwa cha Karibiani, wanalala umbali wa dakika chache kwa gari kutoka Little Bay, kisha wanarudi kwao hawajaikanyaga. Wengine wanaikanyaga na kuondoka na simu iliyokunywa maji ya chumvi. Maswali ni yale yale kila msimu, kwa hiyo nayajibu yote hapa.

Sababu kubwa ya kushindwa ni moja, na inatupata zaidi sisi tuliokulia pwani. Mtu wa Pangani au Lamu akipanga safari ya bahari anaangalia maji kwanza: leo bamvua (yanajaa na kupwa sana) au maji mafu (yanajaa na kupwa kidogo), yanajaa saa ngapi, yanatoka saa ngapi. Ana haki, maana kwetu tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inafika mita 3 na zaidi. Anguilla hakuna hayo. Maji yao hupanda na kushuka kwa kiasi kisichofika goti, na mgeni anaweza kulisahau jedwali la maji kabisa. Kinachoifungua na kuifunga Little Bay ni mawimbi yanayotoka mbali, kaskazini mwa Atlantiki, na hayo hayafuati mwezi.

Mahali penyewe ni kihori, yaani ghuba ndogo, upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa. Nyuma kuna majabali ya chokaa yaliyosimama wima, mbele kuna mchanga kidogo, na barabara ya kushuka haipo. Boti hutoka Crocus Bay, ghuba ya jirani iliyo chini ya The Valley, mji mkuu. Safari haichukui hata dakika 10. Maji ni maangavu kwa sababu kisiwa ni cha chokaa na hakina mto hata mmoja wa kumwaga tope baharini.

## Vitu vya kuandaa kabla ya yote

- Pasipoti na ruhusa za kuingia (soma Hatua ya 1 kabla hujakata tiketi).
- Dola za Marekani, noti ndogo ndogo. Noti ya 100 ufukweni ni sawa na kutokuwa na pesa.
- Mfuko usiopitisha maji, wa lita 10 au 20, ule unaokunjwa mdomo na kufungwa kwa kishikizo. Mmoja kwa watu wawili unatosha.
- Mfuko mdogo wa plastiki wa kufunga kwa zipu kwa ajili ya simu, uingie ndani ya ule mkubwa.
- Viatu vya majini, au kandambili zenye mkanda wa nyuma. Kandambili za kawaida zitakuwa za bahari ndani ya dakika ya kwanza.
- Miwani ya kuzamia na mrija wake. Lete yako kama unayo; ya kuazima mara nyingi inavuja.
- Maji ya kunywa, lita 2 kwa kila mtu. Kihorini hakuna duka, bomba wala choo.
- Chakula kikavu. Mjini watu hula johnny cake, mkate mdogo wa kukaanga unaofanana na andazi lisilo na sukari. Unavumilia safari kuliko wali.
- Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea, au burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili, kwa anayependa stara. Huhitaji kuona haya: sheria ya kisiwa inakataza kuacha kifua wazi, na mtu aliyejifunika hashangazwi na mtu.
- Jaketi la kuokolea kwa kila mtoto, na kwa kila mtu mzima asiyeogelea. Usidhani boti itakuwa nalo la ukubwa wa mwanao. Uliza.
- Mfuko wa takataka.

Viti vya kukunja, spika na kasha kubwa la barafu viache hotelini. Kila kitu unachobeba kitashushwa majini kwa mkono, juu ya kichwa, na wewe umesimama ndani ya maji ya kiunoni.

## Hatua ya 1: Maliza suala la viza ya njia nzima

Anguilla ni eneo la Uingereza ng'ambo, lakini viza ya Uingereza na ruhusa ya kuingia Anguilla ni vitu viwili. Kisiwa kina uhamiaji wake. Andika barua pepe kwao, eleza una pasipoti ya nchi gani na ukaazi wa wapi, ngoja jibu la maandishi, lichapishe.

Wengi wanakwama njiani, hata kabla ya Anguilla. Njia iliyozoeleka ni kutua Princess Juliana, uwanja ulio upande wa Kiholanzi wa kisiwa cha Saint Martin, kisha kupanda kivuko Marigot, upande wa Kifaransa, kwenda Blowing Point, bandari ya Anguilla. Kivuko ni kama dakika 25. Sasa sikiliza: pande zote mbili za kisiwa hicho haziko ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ukiwa na viza ya Schengen iliyotolewa kwa ajili ya Paris, usidhani inakupitisha Marigot; viza ya Ufaransa kwa maeneo ya ng'ambo hutajwa yenyewe.

Walioko Marekani wana njia rahisi. Tangu Desemba 2021 kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Miami hadi Anguilla. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam akumbuke tu kwamba Marekani hutaka viza hata kwa abiria wa kupita.

Dalili ya kufaulu: una karatasi au barua pepe kwa kila mpaka utakaogusa, kwenda na kurudi.

## Hatua ya 2: Chagua wakati

Kati ya Desemba na Aprili hali ya hewa ni tamu, watu ni wengi, bei ziko juu, na ndio msimu wa mawimbi ya kaskazini. Mwezi Mei na Juni mwanzoni ndio wakati wangu: bahari ya upande ule hutulia siku nyingi mfululizo, na wageni wamepungua. Msimu rasmi wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na Septemba ndipo hatari inapokolea. Kimbunga Irma kilipiga Anguilla tarehe 6 Septemba 2017, na sitampangia mtu likizo ya mwezi huo.

Wiki ya kwanza ya Agosti ina mtego wake. Mbio za mashua za matanga ndio mchezo wa taifa, na Jumatatu ya kwanza ya Agosti nusu ya watu wa bahari kisiwani wako kwenye mashindano au wanayatazama. Ni jambo la kupendeza kuliona, hasa kwa mtu aliyekulia kwenye mbio za ngalawa. Ila usitegemee kupata nahodha siku hiyo.

Vyovyote utakavyochagua, usiiweke Little Bay siku ya mwisho ya safari. Iweke siku ya pili, ubaki na siku tatu au nne za kusubiri. Wengi wa walioniandikia kuwa wameikosa walikuwa na siku moja tu mkononi.

## Hatua ya 3: Soma mawimbi

Hapa tukae kidogo.

Upepo wa Karibiani huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Hakuna kaskazi na kusi za kupokezana kama kwetu. Kwa kuwa Little Bay iko upande wa kaskazini-magharibi, kisiwa chenyewe kinaikinga na upepo huo, ndiyo maana siku nyingi maji yake yanalala kama ya kwenye beseni.

Lakini dhoruba za baridi zikivuma huko juu, mashariki ya Marekani na Kanada, zinasukuma mawimbi yanayosafiri siku mbili tatu hadi kufika Anguilla. Yanafika anga ikiwa nyeupe na upepo umelala, na yanaingia moja kwa moja kwenye kihori, maana mdomo wa kihori umeelekea huko huko yanakotoka. Wenyeji huyaita *ground sea*. Ukisikia neno hilo kwa mtu wa Crocus Bay, safari ya leo imekwisha.

Januari moja nilikaa Crocus Bay nikiwatazama wageni wawili wakipanga vitu vyao mchangani. Bahari ilikuwa shwari, mwari wametulia juu ya maji wakipanda na kushuka polepole. Huko kupanda na kushuka ndiko nilikopaswa kukutazama; mwari aliye juu ya maji yaliyotulia kweli hapandi wala hashuki. Dakika saba hivi hakuna kilichotokea. Kisha mwari wakaruka wote kwa pamoja, mstari mweusi ukaonekana upande wa bahari, yakaja mawimbi manne mfululizo. La pili lilichukua taulo na viatu. La tatu likachukua kasha la barafu, likalirudisha tupu.

Mawimbi ya mbali huja kwa makundi. Kati ya kundi na kundi kuna kimya kinachodanganya.

Utabiri. Siku mbili kabla, fungua utabiri wowote wa bahari unaoonyesha mambo matatu: urefu wa wimbi, upande linakotoka, na sekunde kati ya wimbi na wimbi. Idara ya hali ya hewa ya Antigua na Barbuda ndiyo inayotoa utabiri na tahadhari kwa Anguilla pia, anza nayo. Usiangalie urefu peke yake. Wimbi la mita 1.5 lenye sekunde 7 ni la upepo wa jirani, linavunjika bila nguvu. Wimbi la mita 1.5 lenye sekunde 14 limebeba uzito wa maji mengi zaidi, na likigusa kina kifupi linainuka.

Kipimo changu ni hiki:

- Mawimbi yanatoka mashariki, chini ya mita 2: nenda, kisiwa kinakukinga.
- Yanatoka kaskazini au kaskazini-magharibi, karibu mita 1, sekunde 10 au pungufu: muulize nahodha, nenda asubuhi, watoto wadogo wabaki.
- Yanatoka kaskazini au kaskazini-magharibi, zaidi ya mita 1.5, sekunde 12 na kuendelea: usiende. Usimbembeleze nahodha.

Macho. Asubuhi ya safari, fika Crocus Bay, simama dakika 20 bila kuvua viatu. Dakika 5 hazitoshi, umeona hapo juu. Tazama alama ya maji kwenye mchanga: kama mchanga mbichi umepanda mbali sana kuliko maji yalipo sasa, kundi la mawimbi limepita muda si mrefu. Tazama pia mguu wa majabali upande wa kaskazini. Povu jeupe likipanda ukutani kila mara, ndani ya kihori hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kuta zinarudisha wimbi na linakutana na jingine linaloingia.

Dalili ya kufaulu: dakika 20 zimepita, wimbi kubwa kuliko yote halikufika goti pale ufukweni, na utabiri wa jioni hauonyeshi mabadiliko.

Ikiwa imeshindikana, panda gari uende Rendezvous Bay, upande wa kusini. Kisiwa kinaikinga na mawimbi ya kaskazini, mchanga ni mrefu, na milima ya Saint Martin iko mbele yako. Siku haijapotea.

## Hatua ya 4: Patana na mwenye boti

Salamu kwanza. Hili Mswahili hahitaji kufundishwa, lakini nimewaona ndugu zetu waliokaa Marekani muda mrefu wakimwendea mtu na "how much?" kavu. Anguilla wanakusalimu hata ukiingia dukani, na wanategemea uitikie. Ukishamsalimu nahodha na kumuuliza bahari ikoje, ndipo uje kwenye bei.

Ukitajiwa dola, uliza dola ipi. Kisiwa kinatumia dola ya Karibiani Mashariki na kinapokea ya Marekani vilevile. Tangu 1976 dola 1 ya Marekani ni 2.70 za kwao. Bei ya 40 za kwao haifiki 15 za Marekani. Asiyeuliza atalipa mara mbili na zaidi, tena kwa hiari yake.

Kubaliana mambo manne, kwa sauti, mkiwa mnatazamana:

1. Bei ni ya mtu mmoja au ya boti nzima, na je, ni ya kwenda na kurudi?
2. Anarudi kuwachukua saa ngapi?
3. Bahari ikibadilika kabla ya saa hiyo, atakuja mapema?
4. Ishara gani mtumie mkitaka kuondoka kabla ya wakati?

Lipa nusu, nusu nyingine mkirudi. Hakuna nahodha mwenye akili timamu anayekasirishwa na hilo.

Kuhusu saa, ngoja niwaambie yaliyompata shangazi yangu. Alikuja kututembelea kutoka Tanga. Nahodha akamwambia kwa Kiingereza atakuwa tayari "at ten". Shangazi akatupigia simu hotelini: "Saa kumi tuwe pale." Sisi tukalala zetu, tukala mchana, tukateremka Crocus Bay saa kumi jioni, tumevaa na kubeba kila kitu. Nahodha alikuwa ametusubiri tangu saa nne asubuhi, amekata tamaa, anaosha boti. Kwa hiyo saa ya kurudi iandike kwa tarakimu kwenye simu yako na umwonyeshe: 13:00, basi.

Nenda asubuhi, kati ya saa 3 na saa 4 kwa saa zetu. Majabali yako upande wa jua linakochomoza, kwa hiyo asubuhi yanakupa kivuli. Baada ya adhuhuri jua linageukia mdomo wa kihori na hakuna mahali pa kujificha. Desemba jua linazama kabla ya saa 12 jioni. Panga kuwa Crocus Bay saa mbili kabla yake.

## Hatua ya 5: Funga mzigo kana kwamba boti itapinduka

Haitapinduka. Ila mtu mmoja kati yenu ataanguka wakati wa kushuka, na kwa kawaida ndiye aliyeshika simu.

Simu, pesa na ufunguo wa gari viingie mfuko wa zipu, mfuko wa zipu uingie mfuko mkubwa. Acha hewa kidogo ndani ili uelee ukidondoka, kunja mdomo mara 3, fungia kishikizo. Mara 1 haitoshi, maji yanapita kwenye mkunjo. Jaribu hotelini kwenye beseni la kuogea, ukiwa umeweka karatasi ya chooni ndani badala ya simu.

Ufunguo wa gari la siku hizi una betri na umeme ndani. Ukilowa, utalala Crocus Bay. Kwa gari lenyewe, utaendesha kushoto kama nyumbani, ingawa mengi ya kukodi yana usukani wa kushoto, na utalipia leseni ya muda ya kisiwa hapo hapo unapolichukua. Mteremko wa Crocus Hill kwenda ufukweni ni mkali. Shuka kwa gia ndogo.

Usiweke chochote mfuko wa nyuma wa suruali. Chochote.

## Hatua ya 6: Kushuka kutoka botini

Hakuna gati Little Bay. Nahodha ataisogeza boti mpaka kina cha kiunoni au magotini, ama kwa omo (mbele) ama kwa tezi (nyuma), kadiri bahari inavyomruhusu. Wewe utaruka majini na kutembea.

Fanya kwa mpangilio huu:

1. Boti ikipunguza mwendo, kaa. Usisimame kupiga picha. Viatu vya majini viwe miguuni tayari.
2. Ngoja nahodha aseme. Anahesabu mawimbi kwa nyuma yake na anangoja kundi lipite. Akinyamaza dakika mbili ni kazi, si uzembe.
3. Ashuke kwanza mtu mzima mwenye nguvu, mikono mitupu.
4. Shuka kwa kuketi ukingoni na kuteleza, miguu kwanza, magoti yakiwa yamelegea. Usiruke ukiwa umesimama. Hujui kama chini ni mchanga au jiwe.
5. Ukigusa chini, ondoka kando ya boti upesi. Usisimame hata mara moja kati ya boti na ufuo. Boti ndogo ya faiba yenye injini ina uzito wa mamia ya kilo, na wimbi moja la kawaida linaisukuma kama mlango. Ukiwa katikati, wewe ndiye kizuizi cha mlango.
6. Kaa mbali na injini hata ikiwa imezimwa.
7. Mtoto apokewe mkono kwa mkono, si kurushwa. Mzigo uje mwisho, mmoja mmoja, juu ya kichwa.
8. Ukielekea nchi kavu, geuza uso kila hatua mbili uitazame bahari.

Wimbi likikukuta katikati, usikimbie. Geuka ubavu, panua miguu, liache lipite kiunoni, kisha endelea. Anayekimbia anaangushwa na maji yanayorudi, yale yanayovuta mchanga chini ya nyayo.

Dalili ya kufaulu: wote mko juu ya mstari wa mchanga mbichi, nywele zenu kavu, na boti imeshaondoka bila mtu kupiga kelele.

## Hatua ya 7: Ukiwa ndani ya kihori

Weka vitu juu, karibu na jabali lakini si chini yake kabisa. Chokaa humeguka, ukiona vipande vipya vyenye rangi nyeupe safi mchangani, hapo vimeanguka karibuni, sogea.

Kaeni dakika 10 bila kuingia majini. Hesabu mawimbi tena. Mwari watakuburudisha: mmoja anazunguka juu, anakunja mabawa, anajitupa kichwa mbele kama mtu aliyesukumwa, anaibuka mdomo umevimba maji na samaki.

Kisha ingia majini kwa kufuata ukuta wa majabali, upande uliotulia zaidi siku hiyo. Samaki wako kwenye mawe, katikati ni mchanga mtupu. Utaona kasa, na mara nyingine ng'amba, wakila majani ya baharini au wakijikuna kwenye miamba. Anguilla ilisimamisha uvuvi wa kasa mwaka 1995, na hapa ni hifadhi ya bahari: usimguse, usimfuate, usimzibie njia ya kupanda kuvuta pumzi. Ukielea kimya mahali pamoja anakusogelea mwenyewe. Konokono, kombe na matumbawe vinabaki vilipo.

Wadudu wa miba mirefu myeusi unawajua kutoka kwetu. Hawa ni ndugu zao, na dawa ni ile ile ya kutokanyaga. Ukimwona samaki wa mistari myekundu na myeupe mwenye mapezi yaliyotandazwa kama kipepeo, naye mnafahamiana: asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, na Karibiani ni mvamizi anayemaliza vifaranga vya samaki wa huko. Miba yake ina sumu pande zote mbili za dunia.

Kuna jiwe kubwa ambalo vijana hupanda na kujirusha. Ukitaka, ogelea kwanza chini yake na miwani usoni, uone kina na mawe kwa macho yako, siku hiyo hiyo. Mchanga huhama, kwa hiyo picha ya mwaka jana haikusaidii. Ruka miguu kwanza. Kichwa kwanza ni kazi ya mwari.

Mti mmoja ujue kabla ya kutafuta kivuli popote kisiwani: mansanila, unaoota kando ya fukwe na kuzaa matunda kama matofaa madogo ya kijani. Ni wa ukoo mmoja na mnyaa wetu, na utomvu wake mweupe ni mkali vilevile au kuzidi. Usile tunda, usishike jani, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake, maana maji yanayodondoka yanateremsha utomvu na kubabua ngozi.

Namba ya dharura ni 911, hospitali ya Princess Alexandra iko The Valley. Lakini usiitegemee simu iliyofungwa mara tatu ndani ya mfuko, chini ya majabali. Ndiyo maana ya ile ishara mliyokubaliana na nahodha.

## Hatua ya 8: Kurudi

Nusu saa kabla ya wakati, tokeni majini. Kusanya takataka, za kwenu na zile mlizozikuta. Funga mifuko kwa mpangilio ule ule.

Kupanda boti ni kugumu kuliko kushuka kwa sababu mmechoka. Mzigo uende kwanza, kisha watoto, kisha wasioogelea, mwenye nguvu mwisho. Pandeni kwa ubavu au ngazi anayoonyesha nahodha, tumbo juu ya ukingo, mguu mmoja mmoja. Hakuna atakayependeza, nahodha ameshaona mabaya zaidi.

Mkiwa ufukweni na mawimbi yakaanza kuongezeka kabla ya saa ya kuchukuliwa, msingoje saa ifike. Pigeni ishara. Kama boti haiwezi kusogea, pandeni juu kabisa ya mchanga mkae, maji msiyaingie. Nahodha anayejua kazi yake ataelea nje akisubiri nafasi, na nafasi huja baada ya kila kundi la mawimbi.

## Kuhusu kayaki na kamba ya jabalini

Kayaki kutoka Crocus Bay inawezekana, na siku ya shwari ni raha tupu. Tatizo ni ule ule upepo wa mashariki: upande huu wa kisiwa unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Ukikaa karibu na jabali huusikii. Ukijitenga mita 100 kupiga picha unaukuta, nao unakupeleka Atlantiki taratibu, huku ukidhani unaelea tu. Fuata ukuta, vaa jaketi, msiende mmoja mmoja.

Kamba ni ile inayoning'inia jabalini, ambayo baadhi ya watu hushukia kutoka juu. Jibu langu ni hapana. Hujui imekaa juani miaka mingapi, hujui fundo limefungwa kwenye nini, na aliyeshuka kwa dakika tano hugundua kupanda kwenyewe ni habari nyingine, mikono ikiwa imelowa na kiu imempata. Kijana mmoja aliniandikia kwamba alishuka vizuri kabisa, akaogelea, akafurahi, kisha akashindwa kupanda, akaokolewa na boti iliyokuja kuchukua watu wengine. Nahodha alimtoza nauli ya kwenda na kurudi.